Picha ya Kihungaria ya mwanamke aliyeketi, 1870–1900: ya giza au ya mwanga, iliyokarabatiwa au isiyoguswa?

Wauzaji wa vitu vya kale wa mtaa wa Falk Miksa mjini Budapest, pamoja na nyumba za mnada za mji huo, hawakosi picha za aina hii. Mwanamke ameketi, mwili umegeuka kidogo upande, uso unamtazama mtazamaji, mikono imetulia mapajani au imeshika upepeo. Ni rangi ya mafuta juu ya kitani, upana wa sentimita 80 na kimo cha 100 hivi, ndani ya fremu nzito iliyopakwa dhahabu. Mbili zaweza kuwekwa bei moja na kuandikwa maneno yale yale, "mchoraji wa Kihungaria, mwisho wa karne ya 19", kisha moja ikawa ununuzi mzuri na ya pili ikamla mwenyewe fedha za ukarabati kila baada ya miaka michache.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Tazama uso, mikono na sehemu za giza kwanza. Saini iwe ya mwisho. Picha isiyo na saini ambayo rangi yake ya mwanzo bado ipo inashinda picha yenye jina kubwa iliyosuguliwa hadi ikabaki mifupa.

Kwanza uondoe isiyochorwa kwa mkono

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 oleografia zilitapakaa Ulaya ya Kati. Hizi ni picha zilizochapwa kwa mawe ya rangi nyingi, zikapakwa vanishi na mara nyingi zikagandamizwa ili zipate sura ya kitambaa na michirizi ya brashi. Ukiwa mita mbili mbali unadanganyika. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, itazame mboni ya jicho na shavu: chapa huonyesha vitone, brashi huacha michirizi. Tena michirizi ya bandia haifuati umbo. Inakatiza pua na kuendelea vile vile mpaka ukutani nyuma ya kiti.

Kuna na zile zilizopakwa rangi juu ya fotografia iliyokuzwa. Humo mipaka ya uso iko sahihi kupita kiasi, hakuna hata sehemu moja ambapo mchoraji alisogeza kidole au kushusha bega, na rangi ya uso ni nyembamba mno huku gauni likiwa limepakwa nene kwa haraka. Ilikuwa kazi halali ya zama zake. Usiilipie tu bei ya picha iliyochorwa mtu akiwa ameketi mbele ya mchoraji.

Ya giza na ya mwanga

Wachoraji wengi wa kizazi hicho walipitia chuo cha sanaa cha München, Ujerumani. Benczúr Gyula, mwanafunzi wa mchoraji wa Kijerumani Karl von Piloty, akawa profesa huko mwaka 1876, kisha mwaka 1883 akarudi Budapest kuongoza shule ya wachoraji waliokwisha kuhitimu. Njia ya pili ilipitia Paris, alikoishi Munkácsy Mihály, aliyepata medali ya dhahabu ya Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, mwaka 1870. Picha nyingi utakazoona sokoni, hata za wachoraji wasiojulikana, zimeegemea upande mmoja kati ya hizi mbili: giza la Munkácsy, au hariri na nyama ya waridi ya Benczúr.

Ile ya giza ina mvuto wake. Nyuma ni kahawia inayoelekea weusi, gauni limezama humo, na uso na mikono vinajitokeza kana kwamba mtu amefungua dirisha dogo. Tatizo lake lina jina: lami. Wachoraji waliichanganya na mafuta ili wapate kahawia yenye joto, inayopitisha mwanga, ambayo siku ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko kahawia nyingine yoyote kwenye paleti. Lakini lami haikauki kabisa. Rangi iliyowekwa juu yake hukauka na kujikunja, ya chini inabaki laini, na ya juu inateleza ikipasuka vipande vipande mpaka eneo zima linakuwa ngozi ya mamba. Juu ya hayo inaendelea kuwa nyeusi mwaka hadi mwaka. Munkácsy mwenyewe ndiye mfano unaotajwa kila mara, na picha zake kadhaa kubwa zimeharibika hivyo. Waliomwiga waliiga na kosa lake.

Nyufa za lami hazifanani na nyufa za uzee. Ufa wa uzee ni mwembamba, kingo zake ni kali, nao hupita tabaka zote hadi kwenye kitambaa. Ufa wa lami ni mpana, wakati mwingine milimita mbili au tatu, kingo zimeviringika, na chini yake unaona kahawia inayong'aa. Utazipata kwenye mandhari ya nyuma, kwenye sketi na kwenye kivuli cha kiti. Usoni huwa hazipo, kwa sababu uso umepakwa kwa nyeupe ya risasi ambayo hukauka vizuri na kushika. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya picha ya giza ni hili: nyufa pana zimefika wapi? Zikiwa pembe za chini tu, picha inaweza kununuliwa kwa bei iliyopunguzwa. Zikifika shingoni au kwenye mstari wa taya, iache. Hakuna fundi anayeweza kuziziba moja kwa moja. Anachoweza ni kuzitia rangi zisionekane sana, nazo zikisogea tena atarudi kulipwa tena. Pia picha ya lami haistahimili pasi ya moto, ile ya kubandikia kitambaa cha pili mgongoni, wala viyeyusho vikali, yaani nusu ya tiba za kawaida hazitumiki kwake.

Ile ya mwanga imejengwa kwa mpangilio bora: tabaka la msingi la nyeupe, mchoro, rangi nene kwenye sehemu zinazong'aa, kisha rangi nyepesi zinazopitisha mwanga juu kabisa. Hudumu. Maradhi yake ni mengine. La kwanza ni kufifia kwa rangi nyekundu za lake, zile za kupitisha mwanga zilizotumika kwenye hariri, midomo na mashavu. Gauni unaloliona la waridi hafifu huenda lilikuwa jekundu la damu ya mzee. Jaribio lake ni rahisi: mwombe muuzaji aitoe picha kwenye fremu, utazame ukingo wa milimita 5 hadi 8 uliokuwa umefunikwa na mdomo wa fremu. Ukingo ukiwa na rangi nzito kuliko sehemu iliyo wazi, umeona kiasi kilichopotea, na hakirudi. Muuzaji anayekataa kutoa fremu amekwisha kukujibu.

La pili ni nyeupe ya zinki. Ni safi na baridi, ilipendwa kwa lesi na gauni za harusi, lakini ndani ya mafuta huwa ngumu na huvunjika. Tazama lesi ya kola na ya mikono kwa lenzi; ukiona magamba yanayoinuka, tia gharama ya kuyabandika kwenye hesabu yako. Na usishtuke ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye sehemu za giza, ambavyo wengi hudhani ni mchanga. Ni sabuni za risasi, zinazojitengeneza pale risasi ya tabaka la msingi inapokutana na asidi za mafuta. Havina hatari kubwa vikiachwa. Hatari ni fundi anayevikwangua ili uso uwe laini.

Kuna aina ya tatu, ya mwanga wa nje, lakini ni nadra na inataka tahadhari. Szinyei Merse Pál alichora *Lilaruhás nő*, mke wake akiwa ameketi bustanini na gauni la zambarau, mwaka 1874. Picha hiyo iko Magyar Nemzeti Galéria, yaani jumba la sanaa la taifa, Budapest. Wakati huo alikuwa karibu peke yake nchini mwake kwa rangi za namna hiyo. Mkondo huo ulipata nguvu baada ya mchoraji Hollósy Simon na wenzake kuanza kwenda kuchora Nagybánya (leo Baia Mare, Romania) mwaka 1896. Mtu akikuletea mwanamke wa bustanini mwenye jua kali la buluu na kijani na kusema ni ya 1875, mwombe uthibitisho mara mbili. Pia si kila giza ni giza la lami: *Öreganyám* ya Rippl-Rónai József, ya mwaka 1894, ni bibi kizee aliyeketi katika weusi uliotandazwa bapa, mbali kabisa na kina cha Munkácsy, ingawa Rippl-Rónai alikuwa msaidizi wake Paris.

Bei zikilingana na wachoraji wote wawili hawajulikani, chukua ya mwanga. Ya giza ichukue pale tu ambapo, ukiimulika kwa taa ya kawaida kutoka mbele, bado unatofautisha gauni na kiti, na kiti na ukuta. Giza ambalo hata taa haipenyi huwa limekufa.

Isiyoguswa na iliyokarabatiwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, maana iliyosafishwa inavutia na isiyoguswa inaonekana chafu.

Isiyoguswa utaitambua kwa mgongo. Kitambaa ni kahawia iliyoiva, kimepigiliwa pembeni kwa misumari midogo yenye kutu, na mbao za ndani zina kabari pembeni, kwa kawaida mbili kila kona. Kingo zilizokunjwa zina rangi nyeupe ya msingi mpaka mwisho, ishara kwamba kitani kilinunuliwa kikiwa kimekwisha kupakwa dukani. Mbele, vanishi imekuwa njano au kahawia na nyeupe zote zimegeuka rangi ya chai. Hilo lisikukimbize. Vanishi ya dama au mastiki, yaani ya utomvu wa miti, huondolewa na fundi mzuri bila kugusa rangi, na chini yake mara nyingi kuna uso ambao haujaguswa tangu uchorwe.

Kinachotakiwa kukusimamisha ni rangi inayoachia. Zima taa za chumba, shika tochi pembeni kabisa mwa picha, karibu sambamba na uso wake, uitembeze polepole. Nyufa zilizojikunja kingo juu huonekana kwa vivuli vyake. Zikiwa zimeshika, si neno. Zikiwa na vipande vilivyokwisha kuanguka, picha isisafirishwe kabla fundi hajaibandika kwa muda. Uvimbe ulionyooka ukingo wa chini ni jambo dogo kuliko unavyotisha: mara nyingi ni kabari iliyodondoka, vumbi na vipande vya plasta vilivyonasa kati ya mbao na kitambaa. Vikitolewa mapema uvimbe hupungua. Vikiachwa miaka mingi, rangi hupasuka kwenye mstari huo huo.

Iliyokarabatiwa kwa kawaida imebandikiwa kitambaa cha pili mgongoni. Hapo swali si kama imebandikwa, bali kwa kutumia nini. Gundi ya wanyama na unga kwa pasi ya moto ndiyo njia ya zamani: mgongo mgumu, rangi ya krimu, kingo zimefunikwa kwa karatasi. Nta na utomvu: mgongo mzito, wenye giza, una harufu, na ukucha unaacha alama. Njia ya gundi za kisasa, kama BEVA 371 aliyoitengeneza Gustav Berger miaka ya 1970, huacha mgongo mwepesi na safi, na kitambaa cha pili kinaweza kutolewa tena kwa joto la kiasi, nyuzi 65 hivi. Katika tatu hizi, ya mwisho ndiyo tunayoikubali bila maswali mengi. Ya gundi na unga inafaa ikiwa imeshika kote. Nta tunaiepuka, kwa sababu hupenya hadi kwenye rangi nyembamba na kuitia giza, na kuitoa yote haiwezekani.

Pasi nayo huacha ushahidi wake. Tazama lulu za mkufu, nyota ya mwanga ndani ya jicho, ncha za lesi. Mchoraji aliziweka kwa rangi nene zenye kilele. Zikiwa bapa juu, mtu alikandamiza kwa nguvu na kwa moto mwingi.

Kusuguliwa kupita kiasi ni ubaya mkubwa zaidi, na hauna dawa. Rangi nyepesi za juu ndizo hutoka kwanza, kwa hiyo angalia nywele zinapokutana na paji la uso, kivuli kilicho chini ya kidevu na puani, na vifundo vya vidole. Katika picha nzima nywele huingia ngozini taratibu na kila kidole kina viungo. Katika iliyosuguliwa nywele zimekatwa kwa mstari, pua imebaki vitundu viwili, na mkono umekuwa donge la rangi ya nyama. Kwa kuwa mwanamke ameketi na mikono yake iko mbele, picha hizi hujisema zenyewe haraka kuliko picha za kichwa na mabega.

Nenda na taa ya urujuanimno ya nanomita 365, chumba kiwe giza kabisa. Vanishi ya zamani hung'aa kwa kijani hafifu kilichotandaa sawa. Viraka vya rangi vilivyowekwa juu yake hujitokeza vikiwa vyeusi au zambarau iliyoiva. Viraka kwenye mandhari ya nyuma havikatazi ununuzi. Kiraka kwenye jicho au mdomo kishushe bei sana, maana hapo unanunua mkono wa fundi. Ukiona uso pekee hauna kijani na kwingine kote kipo, kuna aliyesafisha uso tu ili picha iuzike. Lakini taa ina mipaka: vanishi nene inaweza kuficha viraka vilivyo chini yake, kwa hiyo ung'avu wa kijani usiokatika usiwe ndio mwisho wa uchunguzi wako.

Kwa hiyo: isiyoguswa yenye rangi iliyoshika ndiyo chaguo la kwanza. Rangi ikiwa inaachia na huna fundi unayemwamini karibu, chukua iliyokwisha kubandikwa kwa gundi ya kisasa. Iliyosuguliwa isikuingie nyumbani kwa bei yoyote, hata kama imeandikwa jina.

Gauni, saini na mgongo

Mwaka unaodaiwa na muuzaji upimwe kwa gauni. Sketi iliyojaa nyuma, yenye mto chini ya kiuno, ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1870, kisha ikarudi ikiwa kali zaidi kati ya 1883 na 1889. Katikati hapo, 1878 hadi 1882 hivi, gauni lilikuwa jembamba limebana mwili mpaka magotini. Mikono iliyovimba begani na kubana kuanzia kiwiko ni ya 1893 hadi 1896. Vazi rasmi la Kihungaria, la bodisi iliyofungwa kwa kamba mbele, aproni ya lesi na shela, halisaidii sana kwa mwaka, kwani lilivaliwa kwenye kutawazwa kwa Franz Joseph kuwa mfalme wa Hungaria mwaka 1867 na likavaliwa tena kwenye sherehe za miaka elfu ya Hungaria za 1896. Hapo angalia nywele na mikono ya blauzi.

Saini iangaliwe kwa lenzi na kwa taa ile ile ya urujuanimno. Nyufa za uzee zinapaswa kupita ndani ya herufi. Rangi ya herufi ikiwa imeingia ndani ya nyufa, iliandikwa baada ya picha kuzeeka. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, basi "Benczúr Gyula" ni mpangilio wa nyumbani, Munkácsy Ufaransa alijiandika hata "M. de Munkácsy". Jina lenye mtego ni la László Fülöp, anayejulikana Uingereza kama Philip de László. Alizaliwa 1869 kwa jina la Laub, familia ikabadili kuwa László mwaka 1891, na akapewa cheo cha ukabaila mwaka 1912, ndipo "de László" ikashika. Saini ya "László" kwenye picha ya 1887, au "de László" kwenye ya 1895, inatakiwa kukutoa dukani.

Mgongo una maneno mengi kuliko mbele. Mhuri wa duka la vifaa unaotaja "Pest" pekee unaelekeza kabla ya 1873, mwaka ambao Pest, Buda na Óbuda ziliunganishwa. Bei ya zamani kwa "frt" ni ya forinti, iliyotumika kabla ya korona iliyoletwa kwa sheria ya 1892. Jina la mwanamke lenye "-né" mwishoni ni la mume wake, hivyo usilitafute kwenye kumbukumbu za ubatizo. Lebo zenye Pozsony, Kolozsvár au Temesvár ni za miji ambayo leo ni Bratislava, Cluj-Napoca na Timișoara. Hazipingi asili ya Kihungaria. Kinyume chake, zinaiunga mkono.

Picha za ubao ni chache na ndogo. Ubao uliopinda kidogo uachwe ulivyo. Uliogongomewa mbao mgongoni ili unyooke mara nyingi umepasuka kwa sababu hiyo hiyo.

Itakakotundikwa

Anayeipeleka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ana swali la ziada. Gundi na unga mgongoni ni chakula cha ukungu na wadudu unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70, na kitani cha zamani chenye gundi ya wanyama kinaweza kusinyaa ghafla unyevu ukipanda sana, rangi ikaachia. Kwa pwani, basi, mgongo wa gundi ya kisasa unapanda mbele ya isiyoguswa, kinyume cha tulivyosema juu. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana kinaichosha picha kuliko chumba kisicho nacho chenye hewa inayopita. Itundikwe ukuta wa ndani, iachwe nafasi ya sentimita mbili nyuma yake. Ile ya lami isiende pwani kabisa: ndani ya kontena lililopigwa jua hulainika na kushikana na chochote kinachoigusa. Kwa picha yoyote, plastiki ya malengelenge isiguse rangi, kwani huacha duara kwenye vanishi. Kwanza karatasi ya silikoni, kisha sanduku la mbao. Wala isikunjwe kuwa bomba, hata muuzaji akisema ndivyo wafanyavyo wote.

Kuhusu kuitoa Hungaria: picha ya umri zaidi ya miaka 50 inahitaji kibali cha mamlaka ya urithi kabla ya kuvuka mpaka, na iliyotangazwa kuwa mali inayolindwa, ambayo katalogi huiandika "védett", haiondoki nchini kwa kudumu hata ikinunuliwa kwa haki. Mkataba utamke kwamba amana inarudishwa kibali kikikataliwa, na uandikwe hivyo kabla ya kulipa, si baada.